WAZIRI ALIYEANZA KWA KUHESABU HOMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao, Macalder)



Kwanza twawashukuru kwa kutungoja. Sisi wa reli tumezoea kulaumiwa kwa kuchelewa, lakini leo lawama si ya reli, maana reli haifiki huku. Kutoka Kisumu mpaka hapa ni barabara tu, na mvua ya juzi mnaijua wenyewe.

Tulipokuja mara ya mwisho kuzungumza habari ya mishahara, mama mmoja aliinuka kule nyuma karibu na mlango akatuuliza swali. Alisema hivi: “Nyinyi watu wa chama mwasema habari ya mafundi na vibarua. Mimi nimetembea miaka 9 nyumba kwa nyumba na mkoba wa dawa begani. Je, mimi ni mfanya kazi, au si mfanya kazi?” Hatukumjibu vizuri. Mmoja wetu alisema kwamba kazi ya kujitolea haina mwajiri, na asiye na mwajiri hana wa kudai. Yule mama aliketi akanyamaza. Ndugu, tulirudi Kisumu na maneno yale yakitukera njia nzima, kwa sababu tulijua tumemjibu kama mwajiri anavyojibu.

Basi leo tumerudi na jibu, na jibu lenyewe limo katika maisha ya mtu mmoja. Yafaa tumweleze huyo mtu kwanza, kisha turudi kwa mama.

Mtu huyo ni Tedros Adhanom Ghebreyesus. Wengi wenu mwamjua kwa sura. Wakati wa Korona, mwaka wa 2020, kila jioni redio na televisheni zilimleta, mtu wa masharubu na miwani, mkubwa wa Shirika la Afya la Ulimwengu, akiambia mataifa wapime watu. Lakini ukimjua mtu kwa cheo chake cha mwisho tu hujamjua. Sisi twataka kusema habari ya kazi aliyofanya kabla ulimwengu haujamsikia.

Alizaliwa tarehe 3 Machi, 1965, katika mji wa Asmara. Wakati ule Eritrea ilikuwa chini ya Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu huiita Uhabeshi. Tusamehewe tukisimama hapa kidogo, maana Asmara ni mji wa reli. Waitaliani walijenga njia kutoka bandari ya Massawa, ikafika Asmara 1911. Ni kilomita 118 tu, lakini kutoka usawa wa bahari treni hupanda zaidi ya mita 2,300. Fundi yeyote wa injini aliye hapa anajua maana ya mlima wa namna hiyo. Haya, tuendelee.

Tedros alipokuwa mtoto mdogo wake alikufa. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba anadhani ilikuwa surua, na kwamba hakukubali moyoni mwake mtoto kufa kwa sababu amezaliwa mahali fulani badala ya mahali pengine. Alisoma elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Asmara, akamaliza 1986, akaandikwa kazi katika Wizara ya Afya kwa cheo cha chini. Ilikuwa serikali ya askari, ile iliyoitwa Derg, na vita viko kila upande. Derg ilipoanguka 1991 alikwenda London kusoma habari ya maradhi ya kuambukiza, na baadaye akapata shahada ya udaktari wa falsafa kutoka Chuo Kikuu cha Nottingham mwaka wa 2000.

Sasa angalieni jambo hili. Huyu Dokta Tedros si daktari wa kutibu. Kazi yake haikuwa kushika kisu cha kupasulia. Elimu yake ni ile ya kufuata nyayo za ugonjwa: unatoka wapi, unampata nani, unamwacha nani, na kwa nini.

Watu wengine hawaoni tofauti, kwa hiyo tuieleze kwa mambo ya kazi yetu. Behewa likianguka nje ya reli, huitwa mafundi wa karakana walinyanyue, wabadili magurudumu, lirudi kazini. Hao ni madaktari. Lakini yakianguka mabehewa matatu katika mwezi mmoja mahali pale pale, mafundi wa karakana hawatoshi. Huitwa mkaguzi wa njia. Yeye hatazami behewa. Hutembea kwa miguu akitazama mataruma, kokoto, misumari, na maji yanapopita chini ya tuta. Tena huuliza: lilianguka saa ngapi, lilikuwa na mzigo gani, mbona jana halikuanguka? Tedros ni mkaguzi wa njia.

Na ukaguzi wake mkubwa ulifanyika Tigray, kaskazini ya Ethiopia, jimbo la milima na mawe. Njaa ya 1984 na 1985 ilikuwa imeua watu wengi mno huko. Baada ya vita serikali ya jimbo ilianza kujenga mabwawa madogo ili wakulima wamwagilie mashamba, wasingojee mvua peke yake. Nani atakataa bwawa mahali penye njaa? Sisi hatungekataa. Lakini Tedros na wenzake waliuliza swali la mkaguzi: maji haya yakisimama, yataleta nini pamoja na mahindi?

Wakachagua vijiji 8 vilivyo karibu na mabwawa, na vijiji vingine 8 vilivyo kwenye mwinuko ule ule lakini mbali, mahali ambapo mbu wa bwawa hawezi kuruka akafika. Wakaandika watoto wa chini ya miaka 10, karibu 7,000. Mara nne katika mwaka, kila mara kwa siku 30, waliwafuata watoto wale kujua nani ana homa na nani ana vijidudu vya malaria katika damu. Hesabu hiyo ilichapishwa katika gazeti la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, mwezi wa Septemba 1999. Kijana mmoja wa chuo alitusomea Kiingereza chake, maana sisi wengi wetu tuliachia shule ya misheni, na Kiingereza cha madaktari ni kigumu kuliko cha Biblia.

Matokeo ni haya. Chukua watoto 1,000, uwatazame mwezi mmoja. Kule mbali na bwawa, wanaougua malaria hawafiki 2 kamili. Karibu na bwawa ni 14. Ni mara saba. Wazazi ni wale wale wa kabila moja, na mwinuko na umaskini ni ule ule. Kilichozidi ni maji yaliyosimama.

Ndugu, hakusema mabwawa yabomolewe. Hapo ndipo tulipompenda. Alisema kwamba anayechimba bwawa sharti afikirie pia habari ya malaria. Bwawa ni kazi, na madhara yanayotokana na kazi ni sehemu ya gharama ya kazi. Hayo ni maneno ya chama kabisa, hata kama aliyeyasema hakuwa mtu wa chama.

Sasa tokeni nje mtazame Macalder yenu. Mgodi ule mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa 1966. Kampuni ikaenda, mashimo yakabaki. Na tangu wakati ule wanaume na wanawake wa Nyatike wameendelea kuchimba dhahabu kwa mikono, shimo juu ya shimo. Mvua ikinyesha mashimo yanajaa. Mbu wa malaria, ambaye huku mnamwita suna, hana haja ya maji machafu ya chooni kama watu wanavyodhani. Yeye hupenda maji ya wazi, yenye jua, hata maji ya wayo wa ng'ombe yamtosha. Chini kidogo kuna mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Kuja. Na ziwa liko pale. Basi nani amehesabu homa za watoto wa karibu na mashimo na za watoto wa mbali? Mchimbaji anajua bei ya gramu moja ya dhahabu leo asubuhi, lakini hajui shimo lake linamgharimu homa ngapi kwa mwaka.

Wala tusijitoe sisi. Tuta la reli hujengwa kwa udongo, na udongo huchimbwa kando ya njia. Mashimo yale huachwa, hujaa maji, na nyumba za genge ziko mita chache kutoka hapo. Mwenzetu mmoja wa genge alizika mtoto wa miaka miwili. Mtoto alianza homa Ijumaa jioni. Walimpeleka kituo kimoja, wakaambiwa vipimo vimekwisha, warudi Jumatatu. Hakufika Jumatatu. Sisi tulichanga fedha za jeneza, tukaimba, tukarudi kazini. Hakuna hata mmoja wetu aliyetembea kando ya tuta kuhesabu mashimo. Haya twayasema kwa aibu.

Turudi kwa Tedros. Mwaka wa 2001 alifanywa mkubwa wa afya wa jimbo la Tigray, 2003 akawa naibu katika Wizara ya Afya, na Oktoba 2005 akawa Waziri wa Afya wa Ethiopia nzima. Alikaa hapo mpaka Novemba 2012.

Nchi aliyoipokea ilikuwa hivi: watu zaidi ya milioni 70, wengi sana wanaishi shamba, na madaktari ni wachache, tena kila mwaka wengine wanapanda ndege kwenda ng'ambo. Mtu wa kawaida katika cheo kile angesema, tujenge hospitali kubwa mjini, iwe na jina langu ukutani. Lakini mpango mwingine ulikwisha kuanzishwa 2003, kabla hajawa waziri mwenyewe, naye akausukuma kwa nguvu zake zote. Serikali ilichukua wasichana waliofika darasa la 10, wa kijiji kile kile, wanaosema lugha ya pale, ikawafundisha mwaka mmoja. Kila kijiji cha watu kama 5,000 kikapata wasichana wawili. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba: kuangalia choo, kuhakikisha mtoto amechanjwa, kumshauri mama mjamzito, kupima malaria na kutoa dawa yake pale pale. Wakafika zaidi ya 38,000. Katika miaka ile vyandarua zaidi ya milioni 20 viligawanywa, na vituo vya afya vikajengwa kwa maelfu.

Na wasichana wale walilipwa mshahara. Si soda, wala fulana yenye picha. Ni mshahara wa serikali kila mwezi, jina likiwa katika orodha ya watumishi. Mama uliyeuliza swali, tafadhali lisikie hili vizuri. Kazi yako ndiyo kazi yao, isipokuwa wao waliandikwa.

Je, mpango ulifaa? Mwaka 1990, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Ethiopia, 204 walikufa kabla ya kufika miaka 5. Mwaka 2012 walikuwa 68. Hesabu hiyo ni ya Umoja wa Mataifa, na ilitangazwa 2013. Hatusemi ni kazi ya mtu mmoja. Waziri hanyonyeshi mtoto. Kulikuwa na fedha za mataifa, kulikuwa na barabara na shule, tena watu wa Tigray walikuwa wameanza kabla yake. Tumesoma kwamba huko huko Tigray mtaalamu mwingine, Gebreyesus Kidane, aliwafundisha akina mama wawafunze majirani kutoa dawa ya malaria nyumbani mara homa inapoanza, na vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikapungua kwa asilimia 40. Hiyo ilichapishwa mwaka wa 2000. Wote hao walifundishwa na mahali pale pale jambo lile lile, kwamba mtoto mwenye malaria hawezi kungoja Jumatatu.

Hapa ndugu wengine wangefunga kitabu na kupiga makofi. Sisi hatufungi bado, kwa maana chama kisichosema upande wa pili ni kama karani wa uwanja anayeandika mabehewa yanayoingia bila yanayotoka.

Jambo la kwanza ni lile lile la ujira. Wasichana 38,000 walilipwa, lakini kazi ilikuwa kubwa kuwapita. Basi kuanzia miaka ya 2010 na 2011 serikali ilianzisha kitu kilichoitwa Jeshi la Maendeleo ya Wanawake. Katika kila nyumba chache mama mmoja aliwekwa kuwaongoza wenzake katika habari za afya. Walifika kama milioni 3. Hao hawakulipwa hata senti. Waliambiwa wao ni mfano kwa wengine. Ndugu, maneno haya tumeyasikia wapi? Kila mwenye kutaka kazi ya bure huanza kwa kukusifu. Kwa hiyo mtu yule yule aliyeonyesha Afrika kwamba kazi hii yaweza kulipwa, wizara yake ilionyesha pia jinsi ilivyo rahisi kupata kazi hii bila kulipa, iwapo wafanyao ni wanawake na hawana pa kusemea.

Nao kwa hakika hawakuwa na pa kusemea, na hili ni jambo la pili. Chama cha walimu cha Ethiopia kilivunjwa nguvu na serikali ile. Mwenyekiti wake, Dokta Taye Woldesmiat, alikamatwa 1996, akahukumiwa 1999 kifungo cha miaka 15, akatoka 2002. Mwenzake, Assefa Maru, alipigwa risasi na polisi mwaka 1997 akafa. Hayo yalitokea kabla Tedros hajawa waziri, wala hatusemi ni mkono wake. Lakini aliingia katika serikali ya chama kile kile cha siasa, akapanda ndani yake. Mtu aweza kuwa mkarimu kwa watoto wa maskini, na akakaa meza moja na watu wanaofunga viongozi wa wafanya kazi. Sisi tulio katika chama yatupasa kuyakumbuka yote mawili pamoja.

La tatu ni habari ya kipindupindu. Mwaka 2006, na tena 2009 na 2011, kulitokea maradhi ya kuharisha Ethiopia. Serikali iliyaita “kuharisha maji kwa ghafla”, haikutaja kipindupindu. Mwezi wa Mei 2017, siku chache kabla ya kura ya kumchagua mkubwa wa Shirika la Afya la Ulimwengu, profesa Mwamarekani Lawrence Gostin alimshutumu Tedros kwamba alificha maradhi yale. Tedros alikana, akasema ni njama ya kumharibia jina wakati wa uchaguzi. Na ni kweli kwamba profesa yule alikuwa akimshauri mgombea mwingine, Mwingereza David Nabarro. Sisi hatukuwa Ethiopia, hatuhukumu. Lakini twasema kama watu wa reli: taa nyekundu haiitwi taa ya rangi rangi. Taa ikiwa nyekundu sema nyekundu, ili dereva wa treni inayofuata asimame. Mtu aliyejenga jina lake kwa kuhesabu homa bila kuogopa yatupasa tumdai kipimo hicho hicho.

Mambo ya baadaye mnayajua, tutayapita haraka. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje mpaka 2016. Mei 2017 mataifa yalipiga kura, akapata 133 na Nabarro 50, akawa Mwafrika wa kwanza kushika Shirika lile, tena wa kwanza asiye daktari wa kutibu. Mwaka huo huo alimchagua Robert Mugabe kuwa balozi wa heri wa Shirika, watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache akaifuta barua. Ilikuwa kosa la wazi, na vizuri alilifuta. Novemba 2020 vita viliingia Tigray, kwao, na mkuu wa majeshi ya Ethiopia akamshutumu kuwasaidia wapiganaji wa upande wa pili; akakana. Vile vituo vya afya vilivyojengwa katika miaka yake vingi viliporwa na kuvunjwa. Tulipoona picha zake tulifikiri habari ya mtu aliyejenga daraja akaishi mpaka kuliona likilipuliwa. Mei 2022 alichaguliwa mara ya pili.

Lakini liko jambo moja la miaka hiyo ambalo ni la kwenu kabisa. Tarehe 13 Septemba, 2019, chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika Kenya, nayo ilizinduliwa Ndhiwa, hapa jirani katika Homa Bay. Migori pia ilikuwa katika kaunti za majaribio. Mtoto alichomwa mara nne, ya mwisho akiwa na miaka miwili. Kenya, Ghana na Malawi ndizo zilizotangulia, na katika miaka miwili watoto zaidi ya 800,000 walichanjwa. Tarehe 6 Oktoba, 2021, Tedros alisimama akatangaza kwamba Shirika lake linaikubali kwa watoto wa Afrika. Alikumbusha kwamba alianza kazi kwa kuchunguza malaria, na kwamba alikuwa akiingoja siku ile. Twaamini hapo alisema kweli.

Sasa nani aliyewapitia akina mama wa Ndhiwa na wa Nyatike kuwakumbusha chanjo ya nne, ile ambayo mama huisahau kwa sababu mtoto amekwisha kukua na kazi ya shamba ni nyingi? Si Tedros. Si waziri wa Nairobi. Ni yule mama wa mkoba begani. Hesabu yote ile nzuri, ya chanjo, ya vyandarua, ya homa zilizopimwa, ikifuatwa mpaka mwisho wake inaishia kwenye miguu yake na viatu vyake alivyonunua mwenyewe.

Mwezi wa Septemba 2023 serikali yetu ya Kenya iliwapa mikoba wahamasishaji wa afya 100,000, ikakubali posho ya Shs. 5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu itoke kaunti. Ni hatua, twaisifu. Lakini posho siyo mshahara. Posho haina likizo, haina malipo ya uzeeni, haina fidia ukiumwa na nyoka njiani usiku. Tena kitu kinacholipwa na watu wawili ni rahisi kila mmoja kumngoja mwenzake. Ethiopia, nchi maskini kuliko yetu, iliweza kuandika wasichana 38,000 katika orodha ya mishahara. Tusiambiwe haiwezekani. Tuambiwe haijapendwa.

Basi mama, jibu letu ni hili, na twaomba lile la kwanza ulisahau. Wewe ni mfanya kazi. Mwajiri wako yuko, tena wako wawili, na wote wana anwani. Lililokosekana ni karatasi, na karatasi ndiyo kazi ya chama.

Ndugu Mwenyekiti, tumekubaliana na halmashauri ya hapa mambo mawili, nasi twayaleta mbele ya mkutano yapigiwe kura. Kwanza, kila mama wa afya wa Macalder na vijiji vya karibu apewe daftari moja. Aandike tarehe, nyumba alizopita, homa alizozikuta, vipimo alivyotumia, siku vipimo vilipokwisha, na mwezi ambao posho yake haikuja. Tawi letu la Kisumu limelipia daftari 40, zimo katika lile sanduku pale mezani. Mwisho wa kila miezi mitatu karani atazijumlisha, na barua itakwenda kwa mwajiri ikiwa na hesabu ndani, si malalamiko matupu. Pili, kila kikundi cha wachimbaji kiandike mashimo yake ambayo hayachimbwi tena, na siku mbili kabla ya mvua ndefu tuje pamoja, sisi na majembe ya genge, tuyafukie yale yaliyo karibu na nyumba. Sisi tumekwisha kuhesabu ya kando ya tuta letu, kutoka stesheni mpaka daraja la kwanza. Ni 31. Tumefukia 12.

Akina mama watakaotaka daftari wamwone karani kabla ya saa kumi. Aje na kitambulisho, na asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule.

Tumemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Maswali.